Canon 6D au 80D kwa kumbi za Dar? Uchambuzi wa kisa kimoja

Mnunuzi ni dada mmoja wa Tabata anayepiga picha za harusi, sendofu na kicheni pati. Kamera yake ilikuwa Canon 600D, toleo la 2011. Mkobani alikuwa na lenzi mbili, ile ya 18-55 iliyokuja na kamera na ya 50mm yenye f/1.8 (f ni uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi), pamoja na flashi moja ya Godox. Pesa yake ilitosha bodi moja ya mtumba, yaani kamera bila lenzi, basi. Kariakoo kuna duka lililokuwa na bodi mbili kwenye kabati la kioo, zote Canon, na bei zilikaribiana kiasi kwamba zisingeweza kuamua chochote. Moja ni 6D ya mwaka 2012, nyingine 80D ya 2016.

Mimi kazi yangu ni kusafisha picha za wapiga picha wengine na kupanga albamu. Kamera nazishika mara chache, lakini makosa yote ya kamera huishia kwenye kompyuta yangu, ndiyo maana dada huyu aliniomba twende wote.

Kisa hiki kina urahisi mmoja: mengi yanayowachanganya watu hapa hayapo. Lenzi za EF zinaingia kwenye bodi zote mbili, na betri ni za familia moja, LP-E6. Kila bodi ina nafasi ya kadi moja ya SD, video inaishia 1080, na shata, ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga, imekadiriwa kufika mapigo 100,000. Ukiyaweka hayo kando, tofauti kubwa inayobaki ni sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga.

Muuzaji hakuwa na muda wa sensa. "Dada'ngu, hii ina 24, ile ina 20, halafu hii ndiyo ya juzi. Sasa hapo unawaza nini?"

Alikuwa anazungumzia megapikseli, yaani mamilioni ya vidoti (pikseli) vinavyounda picha, na hapo ndipo wateja wengi wanapomalizia mawazo yao. Zihesabu kwa upana. Picha ya 80D ina pikseli 6000 kwa 4000, ya 6D ina 5472 kwa 3648. Ile megapikseli nne na ushee inakuongezea upana usiofika asilimia 10. Kwenye kazi yangu, ukurasa wa albamu wa inchi 12 kwa 18 ukichapwa kwa pikseli 300 kila inchi unataka 5400 kwa 3600, na 6D inafika hapo na chenji kidogo. Ukitaka picha moja ijae kurasa mbili zilizofunguliwa, yaani inchi 36, zote mbili hazifiki kwa kiwango hicho. Hata hivyo wateja wenyewe wengi huziangalia WhatsApp. Kuna simu za megapikseli 108 zenye sensa inayotoshea juu ya ukucha wa kidole gumba, na mwenye simu hiyo atakuja kukucheka ukumbini. Mwache.

Ukubwa wa sensa ndio habari yenyewe. Ya 6D ni milimita 35.8 kwa 23.9, karibu sawa na kipande kimoja cha ile filamu ya milimita 35 iliyotumika kwenye studio zetu za zamani. Wauzaji wanaiita fulufremu. Ya 80D ni milimita 22.5 kwa 15, kundi la APS-C. Zidisha upana kwa kimo utapata milimita za mraba 855 kwa moja na 337 kwa nyingine. Kubwa ni mara mbili na nusu ya ndogo.

Kwa nini eneo liwe na maana? Mwanga huja kwa chembe, zinaitwa fotoni, na chembe hizo hazifiki kwa mpangilio sawasawa. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, mtikisiko wa kawaida ni kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Ikipokea 100, mtikisiko ni 10, asilimia 10 nzima, na hizo ndizo chenga tunazozilalamikia. Kwa hiyo chenga nyingi za ukumbini ni upungufu wa mwanga wenyewe, na hakuna kiwanda kitakachouondoa. Sensa yenye eneo mara mbili na nusu, kwa f na shata zilezile, inakusanya mwanga mara mbili na nusu kwa picha nzima. Hiyo ni stopu moja na theluthi; kila stopu moja ni mwanga mara mbili.

Hapo ningeweza kumwambia achukue 6D twende zetu. Lakini sensa hizi zimepishana miaka, na miaka minne kwenye sensa ni mingi. Maabara ya DxOMark ya Ufaransa ilizipima zote mbili. Kwa mwanga hafifu, 6D ilipewa ISO 2340 na 80D ISO 1135 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa; gizani huipandisha). Namba hiyo ni ISO ya juu kabisa ambayo picha bado inakidhi viwango vya ubora walivyojiwekea. Uwiano wake ni kama mara mbili, stopu moja. Hesabu ya eneo ilituahidi stopu moja na theluthi, vipimo vikatoa stopu moja. Ile theluthi imerudishwa na ujana wa 80D.

Kwenye uwezo wa kubeba weupe na weusi kwa pamoja, mambo yanageuka kabisa. Kwa ISO ya chini kabisa, 80D ilipata stopu 13.2 na 6D 12.1. Ndogo imeishinda kubwa kwa zaidi ya stopu moja.

Sababu iko kwenye njia ambayo umeme unapita baada ya mwanga kunaswa. Kwenye 6D, umeme wa kila pikseli unatoka kwenye sensa ukiwa bado ni umeme, unasafiri hadi kwenye chipu nyingine, na huko ndiko unakogeuzwa kuwa namba. Njiani unaokota takataka. Kwenye 80D kigeuzi kimehamia ndani ya sensa yenyewe. Mwaka huo wa 2016 Canon walifanya hivyo kwenye 80D na kamera yao nyingine, 1D X Mark II. Safari imekuwa fupi na takataka zimepungua. Sasa angalia: ukipandisha ISO, 6D inakuza umeme kabla haujasafiri, kwa hiyo takataka za njiani zinakuwa ndogo zikilinganishwa na picha. Ndiyo maana udhaifu wa 6D unaonekana zaidi ISO 100 na 200, na unafifia kadiri unavyopanda. Juani 80D ndiyo mshindi, gizani 6D ndiyo mshindi, na mahali zinapopishana ni katikati.

Basi swali la "ipi ina sensa nzuri" halina jibu mpaka ujue mwenye kamera anafanya kazi kwenye ISO ngapi. Hili watu hulikisia, na hukisia vibaya, kwa sababu picha tunazozikumbuka ni zile nzuri za ufukweni. Kumbe taarifa zimo ndani ya mafaili. Tulifungua kazi zake za mwaka uliopita na kuzichuja kwa ISO. Zaidi ya nusu ya picha alizowapa wateja zilikuwa ISO 1600 kwenda juu, na rundo kubwa lilibanana kwenye 3200 na 6400. ISO 100 na 200 zilikuwa kipande kidogo: nje ya kanisa, na ile saa moja ya picha za maharusi.

Nilimuuliza kwa nini flashi haifanyi kazi zaidi, maana ukiwa na flashi ya kuelekeza kwenye dari jeupe, ISO 800 inatosha na mjadala wote huu unapungua uzito. Jibu lake lilikuwa la mtu wa kazi. Dari za kumbi anazokwenda nyingi zimefunikwa vitambaa vya mapambo, vingine vya rangi, flashi inarudi ikiwa na rangi ya kitambaa. Halafu wakati maharusi wanaingia wakicheza, matarumbeta mbele, taa za ukumbi zimezimwa makusudi na taa za mapambo ndizo zinaongea. Ukiwasha flashi pale umeua kile mwenye shughuli alichokilipia.

Taa hizo za mapambo zinastahili maelezo, kwa sababu nadhani ndizo zinazoharibu picha za Dar kuliko giza lenyewe. Sensa zote mbili hizi huona rangi kwa vichujio vidogo juu ya pikseli: nusu ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu. Chini ya mwanga wa kawaida pikseli zote zina cha kusema. Chini ya taa ya LED ya bluu tupu, zile za bluu zinajaa hadi kumwagika, za kijani zinapata kidogo, na nyekundu karibu zinalala njaa. Ngozi yetu, ya kahawia, habari yake nyingi iko kwenye nyekundu. Mimi nikija kuirudisha rangi ya uso kwenye kompyuta, inabidi niivute ile nyekundu juu kwa nguvu, na chenga zake zinakuja nazo. Unakuta gauni ni safi, ukuta ni safi, na shavu la bibi harusi limejaa vidoadoa. Tatizo hili lipo kwenye kamera zote mbili, ila inayoanza na mwanga mwingi zaidi inaniachia kitu cha kuvuta.

Muuzaji, baada ya kuhakikisha tuna nia ya kununua, alituruhusu kupiga kwa kadi yetu. Tulitumia lenzi moja, ile 50mm, kwenye bodi zote. Kila kitu kwa mkono: f/1.8, shata 1/100 ya sekunde kwa kuwa umeme wetu ni wa 50Hz na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, ISO 3200, mafaili ya RAW, yaani data ghafi ya sensa. Mahali tulipochagua ni ngazi za jengo, zenye taa moja tu. Mmoja wetu alisimama amevaa koti jeusi juu ya shati jeupe, na kwa 80D tulirudi nyuma mpaka uso ukawa na ukubwa uleule kwenye fremu.

Nyumbani, kabla ya kulinganisha, nilizipunguza zote mbili ziwe na upana wa pikseli 3000. Hatua hii wengi huiruka. Ukikuza kila picha asilimia mia kwenye kioo, ile yenye pikseli nyingi unakuwa umeikuza zaidi, na unaionea. Mteja anapokea picha, hapokei pikseli.

Chini ya taya, pale kivuli kinapoanza, ndipo tofauti ilipokuwa. Kwenye 6D ngozi iliingia gizani taratibu, rangi ikibaki kahawia. Kwenye 80D palikuwa na vichembe vya zambarau na kijani, vichache, vinavyosafishika, lakini vipo. Koti jeusi likasema hilohilo: mshono wa kola ulionekana kwenye moja, kwenye nyingine ulikuwa wa kubahatisha. Tulipopiga 6D kwa ISO 6400 na nusu ya mwanga, ndipo zikafanana. Stopu moja, kama maabara walivyosema.

Jaribio la pili lilifanyika mtaani, jua la saa saba mchana. Upande mmoja shati jeupe likiwaka, upande wa pili mtu amekaa chini ya turubai la kibanda. ISO 100, tukapima ili shati lisiungue, kisha kwenye kompyuta nikainua vivuli stopu tatu. Hapa 80D ilinifurahisha. Uso chini ya turubai ulitoka safi, na maandishi ya boksi nyuma yake yakasomeka. 6D ilitoa uso pia, lakini umepakwa chenga za rangi, na weusi ukageuka kijivu chenye wekundu. Kwa mpiga picha wa mitaani au wa matukio ya mchana ningeishia hapo na kununua 80D bila kugeuka nyuma.

Mpaka hapa tunabishana juu ya stopu moja. Lenzi yake ya 18-55 ikivutwa mwisho inafunguka f/5.6 tu. Kati ya f/5.6 na f/1.8 kuna mwanga wa karibu mara 10, zaidi ya stopu tatu. Mtu anaweza kununua sensa kubwa kuliko zote mjini kisha akaweka mbele yake lenzi inayokula mara tatu ya faida aliyoipata.

Kwa hiyo lazima tuulize kila bodi itafanya nini na lenzi zilizomo mkobani. Lenzi ya 18-55 ni ya EF-S, aina ya Canon ya sensa ndogo tu, haifungi kabisa kwenye 6D. Inaonekana ni hasara kwa 6D, na kwa kiasi ni kweli. Lakini 50mm nayo inabadilika tabia. Kwenye 80D inaona kama 80mm, yaani upana mdogo zaidi. Chukua meza kuu: maharusi, wapambe, na wazazi wamesogea kwa picha, upana wa mita tano hivi. Kwa 50mm kwenye 80D unahitaji kurudi nyuma mita 11. Ukumbini mita 11 kutoka meza kuu ni katikati ya meza za wageni, na kati yako na maharusi kuna keki, mhudumu mwenye sinia, na mjomba anayerekodi kwa simu. Kwenye 6D, lenzi ileile inataka mita saba. Mita saba mara nyingi ndiyo ile nafasi ya wazi ya kuchezea muziki.

Hapo ndipo kisa kilipoamuliwa, kwa maoni yangu. Kwenye 80D angelazimika kurudi kwenye 18-55 kila anapotaka watu wengi, na akirudi huko amepoteza stopu mbili na zaidi za lenzi juu ya ile moja ya sensa. Kwenye 6D, 50mm inakuwa lenzi ya shughuli nzima.

Kuna hoja ya upande wa pili na sitaki kuificha. Kwanza, kwa f/1.8 sensa kubwa inakuwa na kina kifupi cha ukali. Safu ya mbele inakuwa kali na ya nyuma imelainika. Ili upate kina kile ambacho 80D ingekupa kwa f/1.8, 6D lazima uifunge hadi f/2.8, na ukifanya hivyo umerudisha mwanga wote uliouchuma kwa eneo la sensa. Kwenye picha za makundi, basi, faida ya sensa kubwa inayeyuka. Pili, angenunua 80D na Sigma 30mm ya f/1.4, angepata upana unaokaribiana na 50mm kwenye 6D, na ile f/1.4 ingefidia sehemu kubwa ya stopu inayopungua. Ni mpangilio mzuri kweli. Kilichouangusha ni kwamba anayo pesa ya bodi, hana ya bodi na lenzi.

Sensa ya 80D ina jambo jingine lisiloonekana kwenye vipimo vya chenga: karibu kila pikseli imegawanywa nusu mbili ili isaidie kutafuta ukali. Wakati wa video inamfuata mtu anayetembea bila kusitasita. 6D kwenye video ni ya kuzungusha lenzi kwa mkono, haina msaada wa maana. Dada huyu video hafanyi, ana mwenzake wa video anayegawana naye kazi. Angekuwa anauza hata vipande vya sekunde thelathini vya Instagram, ushauri wangu ungekuwa 80D, na chenga ningezisafisha mimi.

Kwenye vituo vya kulenga, 80D ina 45, 6D ina 11 na cha kutegemewa gizani ni kile cha katikati pekee. Ni kero kwa watu wanaocheza. Alishazoea kutumia cha katikati kwenye 600D, kwa hiyo hakupoteza alichokuwa nacho.

Ikabaki picha za ufukweni, ambako 6D ni dhaifu: gauni jeupe, suti nyeusi, jua. Hapa saa inasaidia kuliko sensa. Coco Beach inatazama mashariki. Ukiwapeleka maharusi asubuhi na kuwapa bahari mgongoni, jua liko nyuma yao, nyuso gizani, na utahitaji kila stopu ambayo 80D inayo. Ukiwapeleka saa kumi na moja jioni, bahari ileile mgongoni, jua liko nyuma yako wewe na linawaangukia usoni. Pengo kati ya gauni na suti linakuwa ndani ya uwezo wa 6D. Ratiba ya picha za nje anaipanga yeye na maharusi. Taa za ukumbi anapanga mpambaji.

Akachukua 6D. Kabla ya kulipa tulipiga dari jeupe kwa f/16 kuona vumbi, likawapo vumbi kidogo pembeni la kupulizwa, na tukapiga picha ya sekunde 30 kifuniko kikiwa kimefungwa, ISO 3200, kutafuta pikseli zilizoungua. Zilikuwepo chache, programu ya RAW inazifuta yenyewe. Ukungu tuliukagua kwenye lenzi yake mwenyewe, maana hewa ya chumvi na unyevu wa mji huu haisamehi mkoba uliofungwa wiki nzima.

600D imeuzwa pamoja na 18-55, na pesa hiyo ameitenga kwa ajili ya 24-105 f/4 ya mtumba. Nimemwambia itamfaa kanisani na mchana, na kwa makundi ikiwa na flashi. F/4 iko stopu mbili na robo nyuma ya f/1.8, kwa hiyo maharusi wakianza kuingia ukumbini, 50mm ndiyo inayokaa kwenye bodi.